Maada ya giza haingoji usiku

Barazani Ngamiani, hapa Tanga, nilipotaja maada ya giza muuza kahawa alicheka: "Hiyo si tunayo kila umeme ukikatika, mwalimu?"

Hapo ndipo wengi hupotea. Giza ni jina tu. Maada hii haitoi mwanga wala haiuzuii. Tunaijua kwa jinsi inavyozivuta galaksi, na inakadiriwa kuwa kama 85% ya maada yote.

Wengine wakisikia ishara yake kwenye vipimo vya maabara inatarajiwa kupanda na kushuka kila siku, hudhani inafuata jua. Sivyo. Jua, nasi pamoja nalo, tunakimbia ndani ya galaksi kwa takriban kilomita 230 kwa sekunde kuelekea upande wa kundinyota la Cygnus, kwa hiyo chembe za maada hiyo zinatujia usoni, kama upepo unavyompiga abiria wa bodaboda siku ambayo hata jani halitikisiki. Dunia inapojizungusha, upepo huo unageuka. Tanga, nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, karibu nusu siku unatujia kutoka juu, upande wa kaskazini. Muda uliobaki unatokea chini ya miguu yetu, umeshapenya miamba. Kama chembe hizo hugongana sana na miamba, ishara itapungua saa hizo.

Ila duru hiyo huchukua saa 23 na dakika 56. Mvuvi anayetazama Kilimia anaijua tofauti hiyo bila saa ya mkononi: nyota huwahi dakika nne kila siku, saa mbili kwa mwezi. Kilele cha saa mbili usiku leo kitakuwa saa mbili asubuhi baada ya miezi sita. Ishara iliyong'ang'ania saa 24 kamili mimi naishuku: huenda ni joto la mchana, au umeme wa maabara.

Na wanaosema Waitalia wameshaipata maada ya giza? Jaribio la DAMA, chini ya mlima Gran Sasso, linadai badiliko la ishara linalojirudia kila mwaka, lenye kilele mwanzoni mwa Juni. Si la siku. Majaribio ya ANAIS ya Hispania na COSINE-100 ya Korea Kusini yametumia fuwele za aina ileile ya DAMA, hayakuliona.

Muuza kahawa akagonganisha vikombe. "Haya, upepo wako leo unavuma kutoka wapi?"

Ilikuwa Septemba, baada ya isha. Nikamwonyesha kaskazini, juu ya mabati ya jirani.