Simbilisi anayezidi kukonda: maswali na majibu

Simbilisi wangu anakula kila siku, lakini nikimbeba namwona mwepesi. Au ni wasiwasi wangu tu?

Mpime leo. Manyoya ya simbilisi hufunika mifupa ya mgongo, na kwa kuwa kwa asili ni mnyama anayewindwa, huficha maumivu mpaka yamzidi nguvu. Mizani ndiyo itakayokwambia mapema. Ile ya dijitali ya jikoni, inayosoma gramu, inatosha kabisa: mweke ndani ya bakuli, kisha toa uzito wa bakuli.

Simbilisi aliyekomaa huwa na gramu 700 hadi 1,200 hivi, na madume kwa kawaida huwazidi majike. Hata hivyo usimlinganishe na wa jirani, mlinganishe na yeye mwenyewe wa wiki iliyopita. Mwenye afya apimwe mara moja kwa wiki. Mgonjwa kila siku, saa ileile, na uzito uandikwe. Gramu 20 au 30 hupanda na kushuka kwa sababu ya chakula na mkojo. Zikipungua 50, anza kuchunguza. Akipoteza sehemu ya kumi ya uzito wake, yaani gramu 100 kwa mwenye kilo moja, huyo ni mgonjwa, na anahitaji daktari wa wanyama hata kama bado anachangamka.

Inakuwaje anakonda ilhali anakimbilia chakula?

Hapo mimi hufikiria meno kwanza. Simbilisi ana meno 20, na yote hukua maisha yake yote. Kinachoyapunguza ni kutafuna nyasi kwa saa nyingi. Asipotafuna vya kutosha, au taya likikaa vibaya, magego ya chini hurefuka yakiinamia ndani hadi yanaufunika ulimi kama daraja. Njaa anayo, ila kumeza hawezi.

Mtazame akila. Atakuja mbio, ataokota kipande, atakizungusha mdomoni, kisha atakiangusha. Ataacha nyasi na kuchagua vitu laini. Kidevu kitakuwa kimelowa mate. Nilikuwa na mmoja aliyefanya hivyo siku kadhaa, nami nikadhani anadeka. Niliyaangalia meno yake ya mbele, nikayaona mazuri, nikatulia. Hadi leo inaniuma. Meno ya mbele hayasemi lolote la uhakika kuhusu magego, ambayo yako ndani sana na mdomo wenyewe ni mwembamba. Daktari huhitaji kifaa maalumu cha kuchungulia, na mara nyingi eksirei ya kichwa. Yakikutwa marefu hupunguzwa mnyama akiwa kwenye nusukaputi, na wengine hulazimika kurudia kila baada ya wiki kadhaa. Usijaribu kuyakata nyumbani.

Vitamini C inahusikaje?

Kama sisi binadamu, simbilisi hawezi kuitengeneza mwilini. Anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kila siku. Akiwa mgonjwa daktari anaweza kuongeza. Akiikosa, kiseyeye huweza kuanza ndani ya wiki mbili au tatu: viungo vinavimba na kuuma, hataki kutembea, manyoya yanachakaa, fizi zinatoa damu, meno yanalegea, hamu ya kula inapotea.

Pilipili hoho mbichi ni chanzo kizuri, au dawa ya vitamini C yenyewe kwa kipimo cha daktari, apewe moja kwa moja mdomoni. Usiitie kwenye maji ya kunywa. Huharibika upesi humo, tena hutajua amekunywa kiasi gani, na ladha ikimchukiza ataacha kunywa. Chakula cha punje cha sungura, kile kilichoshindiliwa cha dukani, nacho hakimfai, maana sungura hujitengenezea vitamini hiyo, hivyo huwa haiongezwi.

Hajala tangu jana. Nisubiri hadi kesho?

Usisubiri. Utumbo wa simbilisi umeumbwa kupitisha chakula usiku na mchana. Ukikaa mtupu, mwendo wake unapungua, gesi inajaa, bakteria wema wanapungua na ini linaanza kuzidiwa na mafuta. Hapo maumivu humfanya akatae chakula zaidi, na ugonjwa wa kwanza unazaa wa pili. Kutokula kwa saa 12 tayari ni dharura.

Kabla ya kumlisha, gusa tumbo. Likiwa limevimba na kukaza kama ngoma, usimlishe kitu, mkimbize kwa daktari. Likiwa laini, mlishe kwa bomba la sindano lisilo na sindano wakati unapanga safari ya kwenda kwa daktari. Tumia unga maalumu wa wanyama wala majani, au chakula chake cha punje kilicholowekwa na kupondwa hadi kiwe uji. Mzungushie taulo, akae kwa miguu yake, asilazwe chali. Ingiza ncha pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, nusu mililita kwa mara moja, na umwache atafune ameze. Ukiharakisha, uji utaingia mapafuni. Kwa siku nzima ni mililita 50 hadi 80 kwa kila kilo, zikigawanywa katika milo mitano au sita. Inachosha, lakini ndiyo inayowavusha wengi. Nyasi kavu na maji safi visiondoke mbele yake.

Nina amoksilini iliyobaki nyumbani. Nimpe kidogo?

Hapana, hata tone. Dawa za jamii ya penisilini, amoksilini ikiwemo, na pia klindamisini, huua bakteria wema wa utumbo wake. Wabaya huchukua nafasi na kutoa sumu inayoweza kumuua ndani ya siku chache. Zipo antibiotiki anazozivumilia, na kuzichagua ni kazi ya daktari.

Meno ni mazima. Daktari atatafuta nini kingine?

Mawe kwenye kibofu, hasa akilia anapokojoa au mkojo ukiwa na damu. Kwa jike, uvimbe wenye maji kwenye ovari, ambao huambatana na kunyonyoka manyoya ubavuni. Nimonia. Utitiri wa ngozi, ambao huwasha kiasi cha kumkondesha. Kwa mzee anayekula sana na bado anakonda, omba apimwe thairoidi, yaani tezi ya shingoni.

Nimtenge na mwenzake?

Kumtenga kabisa kunaweza kumwongezea unyonge, kwani simbilisi ni wa kuishi na wenzake, na wengi hula wanapomsikia mwenzao anatafuna. Akisukumwa kwenye chakula, au ukitaka kuhesabu kinyesi chake, weka wavu katikati ili waonane na kunusana. Ukishampima mgonjwa, mpime na mwenzake pia, siku hiyohiyo.