Mgonjwa wako yuko mbali: uanze safari lini?

Kazi yangu ni uuguzi wa tiba shufaa, yaani kuwahudumia watu ambao ugonjwa wao hautapona. Simu ninazopokea kutoka mbali huwa zina swali moja: "Nesi, niambie ukweli, nije sasa au nisubiri kidogo?" Anayeuliza anafikiria kazi, watoto, nauli, na likizo aliyobakiwa nayo. Karibu kila mara jibu langu ni kwamba aje sasa.

Sababu ya kwanza ni kwamba sisi watu wa afya hatujui kukadiria siku za mgonjwa kama mnavyodhani. Mwaka 2000 watafiti wawili wa Marekani, Nicholas Christakis na Elizabeth Lamont, walichapisha utafiti wa wagonjwa 468 waliokuwa wameingia kwenye huduma za hospisi, yaani huduma za wagonjwa walio karibu na mwisho wa maisha, mjini Chicago. Madaktari waliombwa waseme kila mgonjwa angeishi muda gani. Makadirio yaliyopatia, au kukaribia, yalikuwa asilimia 20 tu. Asilimia 63 ya makadirio yalimpa mgonjwa muda mrefu kuliko aliokuwa nao, na kadiri daktari alivyomfahamu mgonjwa wake kwa muda mrefu ndivyo alivyozidi kukosea. Mimi naelewa kwa nini: ukimzoea mtu, unamtakia siku nyingi. Kwa hiyo ukiambiwa "ana kama miezi miwili," usipange kusafiri mwishoni mwa mwezi wa pili.

Badala ya kuuliza amebakiza muda gani, muulize anayemuuguza: ni kitu gani alikuwa anakiweza wiki iliyopita na leo hakiwezi? Kama hali inabadilika mwezi hadi mwezi, huenda bado ana miezi. Ikibadilika wiki hadi wiki, fikiria wiki. Juzi alikaa kitandani akanywa uji mwenyewe, jana akalishwa, leo anakunywa kijiko kimoja tu na kurudi usingizini? Hizo ni siku. Kanuni hii si kamili, ila inasaidia kuliko tarehe ya kubahatisha.

Zipo pia dalili ambazo anayeuguza anaweza kukueleza kwa simu. Mgonjwa analala karibu mchana kutwa. Mkojo unapungua na kuwa wa rangi nzito. Mikono na miguu inakuwa baridi, na magotini na kwenye nyayo hutokea mabaka ya rangi ya zambarau. Kwenye ngozi nyeusi mabaka hayo hayaonekani kwa urahisi, kwa hiyo mwambie asitegemee macho, apapase: aanzie kwenye paja ashuke polepole hadi kwenye kidole gumba cha mguu, asikilizie joto linaishia wapi. Kisha amsikilize anavyopumua. Pumzi zinaanza ndogo, zinakua, zinapungua tena, halafu kimya cha sekunde kadhaa kabla hazijarudi. Ukisikia hivyo, usingoje kikao cha familia. Anza safari.

Kuna jambo moja linalowachelewesha wengi, nalo linaniuma. Mgonjwa aliyekuwa hasemi anaweza kuamka ghafla, akaomba chakula, akamtaja kila mtu kwa jina. Nyumba nzima inafurahi. Aliye njiani anapigiwa: "Amepata nafuu, usihangaike." Naye anaahirisha. Hali hiyo mara nyingi hudumu saa chache, au siku moja. Ukipewa habari hiyo, omba uongee naye papo hapo, kisha endelea na safari.

Ukiwa njiani, simu iwekwe sikioni mwake hata kama hajibu. Mwaka 2020 watafiti wa Vancouver, Kanada, walichapisha matokeo ya kupima umeme wa ubongo wa wagonjwa wa hospisi waliokuwa hawaitikii tena. Ubongo wa baadhi yao ulikuwa bado unatambua sauti ikibadilika, karibu sawa na ubongo wa watu wazima wenye afya. Kipimo hicho hakikuonyesha kama wanaelewa maneno, lakini kwangu kinatosha. Mwambie uko njiani. Kama una jambo la kuomba radhi au la kushukuru, lisingoje ufike.

Kabla hujaingia chumbani, mwombe mtu akueleze utakachokiona. Uliyemwacha mnene anaweza kuwa mifupa. Mdomo unaweza kuwa wazi, na koo likakoroma kwa sababu hana tena nguvu ya kumeza mate. Mkoromo huo unamtisha anayesikiliza. Yeye mwenyewe kwa kawaida hausikii kama adha. Jitambulishe kwa jina hata kama wewe ni mwanawe wa kuzaa, kwa kuwa huenda macho yake hayakutambui. Usimlazimishe kula, maana mwili unaofunga kazi hauhitaji tena chakula, na tonge linaweza kumpalia. Lowesha kitambaa safi kwa maji, mpanguse midomo na ulimi, umpake mafuta midomo isipasuke. Hiyo ni kazi ya kweli ya uuguzi na unaweza kuifanya wewe. Na ukikuta anapewa mofini, usiogope. Kwa dozi inayopangwa na kufuatiliwa vizuri, mofini inapunguza maumivu na kubanwa na pumzi. Kinachomchukua ni ugonjwa, si dawa.

Naomba pia usifike na amri. Aliyetoka mbali mara nyingi ndiye anayedai dripu, rufaa na mashine, kwa sababu hakuwepo wakati wenzake walipokubali hatua kwa hatua kwamba hazitasaidia. Nimeona ndugu wakinuniana juu ya kitanda cha mama yao kwa jambo hili. Mshukuru kwanza aliyekuwa anamwogesha na kumgeuza usiku. Muulize huyo anayeuguza ni nini mgonjwa mwenyewe alisema anakitaka, halafu mpe nafasi akalale, ukeshe wewe.

Inawezekana pia likizo ikaisha mgonjwa bado yu hai. Wengi huja kuniuliza kama ni dhambi kuondoka. Si dhambi. Muage kikamilifu, kwa maneno, ukimshika mkono, usitoke kimyakimya kwa kuogopa kumliza. Kisha elewana na anayebaki: ni nani atakupigia, na kama unataka kuamshwa usiku au kuambiwa asubuhi. Muulize pia kama yupo atakayekuwekea simu sikioni mwa mgonjwa saa hiyo ikifika.