Si kweli kwamba Wapashtuni hawajawahi kutawaliwa na dola yoyote

Katika makundi ya mtandaoni umezunguka kwa miaka mingi ujumbe unaodai kwamba Wapashtuni, wanaoishi pande zote mbili za mpaka wa Afghanistan na Pakistan, hawajawahi kutawaliwa na dola yoyote. Dai hilo husambazwa kwa nia ya kuwaheshimu, lakini si sahihi.

Mwanzilishi wa dola ya Mughal, iliyokuja kutawala India, aliuteka mji wa Kabul mwaka 1504, na kaburi lake lingali humo. Kandahar, mji wa kusini mwa Afghanistan, ilikuwa mikononi mwa Waajemi mpaka Wapashtuni walipoasi mwaka 1709, nayo Peshawar, mji ulio Pakistan ya leo, ilitwaliwa na Makalasinga mwaka 1834, kisha na Waingereza mwaka 1849. Atlasi yoyote nzuri ya historia itamwonyesha msomaji mipaka hiyo.

Mkanganyiko unaeleweka. Mwaka 1842 jeshi la Uingereza lililokuwa likirudi kutoka Kabul liliangamia karibu lote, na tukio hilo likafunika mengine. Isitoshe, kushika miji hakukuwa sawa na kuyatawala mabonde ya makabila, ambako dola kubwa zililazimika kuwalipa wazee ili misafara ipite salama katika Khyber, njia ya milimani kati ya Kabul na Peshawar.

Ujumbe huo pia unawapunja Wapashtuni, kwani wao wenyewe walijenga dola: nasaba yao moja ilitawala Delhi kuanzia 1451 hadi 1526, na nyingine, iliyoanzia Kandahar mwaka 1747, ilifika hadi Kashmir. Tafadhali, ukiupokea tena, usiusambaze. Mweleze kwa upole aliyekutumia.