Joki kafungiwa, tiketi yako haibadiliki: ufafanuzi kwa wateja wa Tabora na Kigoma

Malalamiko kuhusu mbio za farasi yameongezeka kwenye dawati letu, mengi yakitoka kwa wanaobeti Kachoma na Isevya hapa Tabora, na Mwanga na Gungu kule Kigoma. Yanafanana mpaka maneno: farasi wangu alizibwa, joki (mpandaji) aliyemziba kafungiwa siku nne, kwa hiyo kosa limethibitika, nirudishiwe hela yangu. Wengine huambatanisha picha ya taarifa ya adhabu wakidhani ndiyo ushahidi wa mwisho. Sivyo, na tunaomba ieleweke mara moja ili dirishani watu wasigombane na mhudumu ambaye hana kosa.

Tunasema mapema kwamba makala hii haimhimizi mtu yeyote kubeti. Inawahusu wenye umri wa miaka 18 na kuendelea ambao tayari wanacheza, kwenye kampuni yenye leseni.

Baada ya mbio zenye utata, wasimamizi wa mbio hujibu maswali mawili, na kila swali lina jibu lake. La kwanza linamhusu farasi: je, kumziba au kumsukuma mwenzake kulimpa nafasi ambayo vinginevyo asingeipata? La pili linamhusu joki: je, alikuwa na kosa, na la uzito gani? Inawezekana joki akafungiwa na farasi akabaki na ushindi wake. Inawezekana pia farasi akashushwa nafasi na joki asiguswe, kwa kuwa farasi alishtuka mwenyewe na mpandaji akafanya kila alichoweza kumrudisha. Ni kama mchezaji wa ligi yetu anayefungiwa na Kamati ya Saa 72 kwa kiwiko alichopiga dakika ya 60: bao la dakika ya 80 linabaki palepale.

Uingereza, ambako mbio nyingi zinazooneshwa kwenye skrini za vibanda vya kubeti hutoka, kanuni iko wazi. Farasi aliyemwingilia mwenzake hushushwa pale tu wasimamizi wanaporidhika kwamba, kwa uwezekano ulio mkubwa zaidi, asingemaliza mbele ya huyo aliyeingiliwa. Akishushwa, huwekwa nyuma yake. Kama alishinda kwa urefu wa farasi watatu na msukumo wenyewe ulimpotezea mwenzake nusu ya urefu, matokeo hayaguswi, hata joki akipewa siku za kufungiwa. Ufaransa ilikuwa na msimamo mkali zaidi, ikimshusha farasi kwa kuingilia tu, lakini tangu 2018 imefuata mkondo huu huu. Marekani kila jimbo lina mamlaka yake. Ukibeti mbio za nchi tatu kwenye mkeka mmoja, umebeti chini ya kanuni tatu.

Mfano unaotajwa sana ni Derby ya Kentucky, mbio kubwa za Marekani, ya 4 Mei 2019, ambayo kwetu ilikimbiwa usiku, karibu saa nane. Maximum Security alifika wa kwanza. Kwenye kona ya mwisho alikuwa ameyumba kwenda nje akawabana wenzake, na wapandaji wawili wakaweka pingamizi. Wasimamizi walitazama picha kwa takriban dakika 22, kisha wakamshusha mpaka nafasi ya 17, nyuma ya Long Range Toddy, mmoja wa waliobanwa. Ushindi ukaenda kwa Country House, aliyekuwa na odi ya 65 kwa 1. Tiketi ya dola 2 ililipa dola 132.40. Huyo Country House hakuwa hata aliyeumizwa zaidi na tukio; alinufaika kwa kuwa ndiye aliyefuata kwenye mstari. Mpandaji Luis Saez alikuja kufungiwa siku 15 za mbio baadaye, kwa uamuzi wa peke yake. Waliolipwa walilipwa kwa sababu farasi alishushwa kabla matokeo hayajawa rasmi. Adhabu ya Saez haikumlipa mtu hata senti.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo: matokeo rasmi. Farasi kuvuka mstari hakumalizi mbio. Joki hushuka, huchukua tandiko lake na kwenda nalo kwenye mizani. Uzito wake lazima ulingane na aliopima kabla ya mbio, kwa tofauti ndogo inayoruhusiwa. Akipungua kupita hapo, au akisahau kabisa kupima, farasi wake huondolewa kwenye matokeo. Wapandaji wakishapima na hakuna pingamizi wala uchunguzi uliobaki, hutangazwa kwamba wamepima, na kwa kampuni nyingi za kubeti huo ndio wakati tiketi hulipwa. Kitakachotokea baada ya hapo hakigusi tiketi. Ziko kampuni zinazomlipa pia aliyevuka mstari wa kwanza hata akishushwa, lakini hiyo ni ofa yao, hutaikuta kwenye kanuni za mbio. Soma masharti ya kampuni yako kabla ya kuja kwetu. Tunalirudia hili kila wiki.

Kwa hiyo skrini ikiandika kwamba kuna uchunguzi, usichane tiketi. Tiketi iliyochanwa na kutupwa sakafuni kwa hasira haina mwenyewe.

Wengi huuliza wasimamizi wanatazama nini hasa. Hutazama picha za kamera kadhaa, na iliyo muhimu kuliko zote ni ile ya mbele, inayoonesha farasi wakija. Picha ya pembeni, ambayo ndiyo mnayoiona kibandani, hudanganya: farasi wawili walioachana mita mbili huonekana wamegusana. Kwenye picha ya mbele msimamizi hufuata mstari wa kwato. Farasi alianza kuhama lini? Fimbo ilikuwa mkono gani? Fimbo ikitumika kulia, farasi huelekea kukimbilia kushoto, na joki mahiri akiona ameanza kuhama huacha kupiga, hushika hatamu kwa mikono miwili na kumnyoosha. Anayeendelea kupiga mkono uleule huku farasi anamlalia jirani ameshajiandikia kosa. Kisha humtazama aliyeingiliwa: je, joki wake alilazimika kusimama kwenye vikanyagio na kuvuta hatamu, au alitikisika tu na kuendelea? Kulikuwa na nafasi ya kupita kweli, au alijiingiza mahali pasipo na njia? Hili la mwisho huwakwaza sana wateja wetu. Anayejipenyeza kwenye upenyo unaofunga mwenyewe hana wa kumlaumu.

Baada ya hapo kosa la joki hupewa daraja. Lipo tukio la bahati mbaya, lisilo na adhabu. Upo uzembe: alishindwa kuchukua hatua za kawaida za kuepusha, au alikosea makadirio, au hakuwa makini. Makosa mengi ni ya daraja hili na adhabu yake ni siku chache. Juu yake upo upandaji usiofaa, na juu kabisa upandaji wa hatari, yaani kuingilia kwa makusudi au kupanda kwa kiwango kilicho chini sana ya kile cha mpandaji makini, kiasi kwamba yeyote mwenye ujuzi angeona kinahatarisha maisha. Kwa upandaji wa hatari, Uingereza humwondoa farasi moja kwa moja, bila kuuliza kama alinufaika. Huo ndio wakati pekee ambao yale maswali mawili hukutana.

Siku za adhabu nazo zinaeleweka vibaya. Mtu anamwona joki aliyefungiwa akipanda keshoye, anaandika kwamba ni upendeleo. Uingereza kufungiwa kwa kawaida huanza siku ya 14 baada ya kosa, ili wamiliki waliokwisha kumpangia farasi wapate muda wa kutafuta mwingine na rufaa ipate nafasi ya kusikilizwa. Hong Kong huhesabu mikutano ya mbio, yaani siku zenye mbio, badala ya siku za kalenda. Tarehe 30 Septemba 2022, pale Saint-Cloud nchini Ufaransa, Christophe Soumillon alimpiga kiwiko Rossa Ryan katikati ya mbio, Ryan akaanguka chini. Aliinuka bila jeraha kubwa. Soumillon alifungiwa siku 60, lakini adhabu ilianza tarehe 14 Oktoba, na tarehe 2 Oktoba alipanda kwenye mbio kubwa za Arc kule Longchamp. Ilikera wengi, na ilikuwa halali.

Fimbo ina utaratibu wake, na ndiyo inayotuletea barua kali zaidi. Tangu 2023 Uingereza inaruhusu mapigo 6 kwenye mbio za tambarare na 7 kwenye za kuruka vizuizi. Kuzidisha huleta siku za kufungiwa, na kwenye mbio kubwa siku hizo huongezwa maradufu. Akizidisha mapigo 4 juu ya kikomo, yaani akifika 10 au 11, farasi huondolewa. Hata hivyo hukumu hiyo hutolewa na kamati maalumu inayokaa siku kadhaa baada ya mbio, wakati tiketi zimeshalipwa. Zawadi ya mmiliki hurudishwa, hela ya aliyebeti hairudi na wala haidaiwi. Dawa nazo ni vivyo hivyo. Medina Spirit alishinda Derby ya Kentucky ya 2021, akaondolewa Februari 2022 kwa sababu ya dawa ya betamethasone, na ushindi ukaandikwa kwa Mandaloun. Waliokuwa na Mandaloun mkononi hawakulipwa. Yeyote anayewaahidi kuwafuatilia malipo ya namna hiyo kwa ada ni tapeli.

Yapo pia makosa yasiyohusu kumgusa mtu. Joki anayelegeza mikono kabla ya mstari akidhani ameshashinda, kisha akapitwa, huchukuliwa hatua nzito. Wapo waliopata siku 28. Hapa tunawaelewa wanaolalamika, maana mkeka umechanika kwa uzembe wa wazi. Bado matokeo husimama. Kutompanda farasi kwa nia ya kushinda ni shauri zito zaidi: hupelekwa kwenye jopo la nidhamu, na adhabu zake huweza kuhesabiwa kwa miezi au miaka. Tunaomba neno “kauza mbio” lisitumike kwa kila farasi aliyechoka mita 200 za mwisho.

Mwenendo nje ya kiwanja nao huadhibiwa. Joki Frankie Dettori alifungiwa miezi sita baada ya vipimo vyake vya Longchamp mwaka 2012 kuonesha dawa iliyokatazwa. Robbie Dunne alipewa miezi 18 Desemba 2021 kwa kumnyanyasa mpandaji mwenzake Bryony Frost, ikapunguzwa hadi 10 kwa rufaa. Christophe Lemaire alifungiwa siku 30 nchini Japani mwaka 2015 kwa kutumia simu kwenye mtandao wa kijamii wakati wapandaji wamezuiwa kuwasiliana na watu wa nje. Wapo wanaoicheka ya mwisho. Wasicheke: taarifa ya chumba cha wapandaji ni hela kwa anayebeti, na marufuku ya simu inawalinda ninyi.

Sasa farasi wa kompyuta. Kuna mteja anayedai joki namba 4 kwenye mbio za kila dakika tatu alimziba namba 2 na hakuchukuliwa hatua. Zile ni picha zilizotengenezwa. Matokeo huchaguliwa na programu ya namba za bahati kabla hujaona farasi hata mmoja akikimbia. Hakuna joki, hakuna msimamizi, hakuna mizani. Hatupokei malalamiko ya upandaji kwa mbio hizo. Tunajua miombo yetu na mbung'o wake haikutuachia farasi wa kuwazoea, na mbio rasmi za karibu ziko Ngong, Nairobi, lakini tiketi huandika wazi ni mchezo gani. Isomwe.

Ukiona hesabu ya malipo hailingani na matokeo rasmi, hilo ni lalamiko halali, na hufuatiliwa hivi. Piga picha ya tiketi pande zote mbili siku hiyohiyo. Karatasi yake ni ya kuchapwa kwa joto: ikikaa kwenye mfuko wa shati juani au juu ya tangi la pikipiki hubadilika rangi, na namba ya tiketi ndiyo hutoweka. Andika jina la kiwanja, saa ya mbio, namba na jina la farasi, aina ya dau, kiasi na odi. Saa iandikwe ya huko na ya hapa. Uingereza iko nyuma yetu saa mbili majira yao ya joto na saa tatu majira ya baridi, na malalamiko mengi hukwama kwa kuwa mteja ametaja mbio ya saa kumi jioni ambayo kule ni ya saa nane mchana. Mbio moja kabla au baada, farasi wengine kabisa.

Peleka kwanza kwa kampuni yenyewe kwa maandishi, udai namba ya kumbukumbu. Wasipokujibu au usiporidhika, hapo ndipo unaandika Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, ukiambatanisha picha ya tiketi, majibu ya kampuni na sentensi moja inayosema unadai nini: kiasi gani, kwa matokeo yapi. Barua ya kurasa nne kuhusu tabia ya joki haisaidii, maana hakuna ofisi ya hapa nchini yenye uwezo wa kumwadhibu mpandaji wa Uingereza. Tiketi halisi ibaki kwako. Toa nakala tu, hata mhudumu akikuahidi kuirudisha kesho asubuhi.