Kufaulu mtihani si kupewa leseni: dhana potofu kuhusu bodi za optometria Marekani

Vijana wetu wanaosomea optometria, yaani fani ya kupima na kutunza macho, huko Marekani, pamoja na wazazi wanaowalipia ada, huzungumzia "kufanya bodi" kana kwamba ni tukio moja linalomtoa mtu darasani na kumkabidhi chumba cha kupimia macho. Kwa kweli ziko bodi za aina tatu, na kila moja ina mamlaka yake. Bodi ya Taifa ya Watahini wa Optometria, ambayo wanafunzi huiita NBEO, hutahini tu. Bodi ya jimbo hutoa leseni. Bodi ya Optometria ya Marekani, yaani ABO, hutoa cheti cha hiari kwa mtu ambaye tayari ana leseni. Nyingi ya dhana potofu zinazowapotezea wanafunzi fedha na muda huanzia katika kuzichanganya hizi tatu.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba aliyefaulu mitihani ya NBEO ameshapata leseni. NBEO, iliyoanzishwa mwaka 1951 na yenye makao yake Charlotte, North Carolina, haina uwezo wa kutoa leseni hata moja. Mamlaka hayo yamekuwa mikononi mwa majimbo tangu Minnesota ilipotunga sheria ya kwanza ya optometria mwaka 1901, na kufikia 1924 kila jimbo lilikuwa na sheria yake. NBEO hupeleka matokeo. Baada ya hapo bodi ya jimbo hupokea maombi, hukagua vyeti, na mara nyingi humtaka mwombaji afanye mtihani wa sheria za jimbo lenyewe, kama ilivyo California. Mhitimu aliyefaulu kila kitu lakini akaanza kuona wagonjwa peke yake kabla ya leseni kutoka anavunja sheria, hata kama barua ya matokeo anayo mkononi.

Kuhusu alama nako kuna kutoelewana. Mitihani ya NBEO ina sehemu tatu. Kiwango cha kufaulu sehemu ya kwanza, inayohusu sayansi za msingi na ambayo wengi huifanya wakiwa mwaka wa tatu, ni 300 katika mizani inayofika 900, na kuna wanaodhani basi theluthi moja ya majibu sahihi inatosha. Haitoshi. Alama hizo ni za mizani iliyokokotolewa, si asilimia ya majibu sahihi, na kiwango chenyewe hupangwa kwa kuangalia kile ambacho mtahiniwa anayestahili anapaswa kukijua. Kwa hiyo pia si kweli kwamba ukifanya mtihani pamoja na watu hodari utaangushwa na ubora wao. Sehemu ya pili, ya mwaka wa nne, inahusu kuchunguza na kuhudumia wagonjwa, na ndani yake mna mtihani mwingine, TMOD, wa kutibu magonjwa ya macho, ambao hutolewa alama zake peke yake. Mtu anaweza kufaulu sehemu ya pili akaanguka TMOD, naye katika majimbo yanayoidai hiyo TMOD bado hajamaliza.

Sehemu ya tatu hudharauliwa na wengi kwa kuwa ni ya vitendo, na mwanafunzi amekuwa kliniki kwa miaka miwili au zaidi. Mwaka 2024 mtihani wa zamani wa ustadi wa kliniki uliondolewa, ukaja mwingine uitwao PEPS, unaotilia mkazo zaidi namna mtahiniwa anavyomhoji mgonjwa, anavyofikia uamuzi na anavyomweleza. Wagonjwa hao ni waigizaji waliofundishwa. Ustadi wa mikono nao unabaki kuwa jambo la kuonekana kwa macho: katika kupima presha ya jicho kwa njia ya Goldmann, jicho hutiwa dawa ya ganzi na rangi, kisha kifaa hugusishwa taratibu kwenye konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, chini ya mwanga wa buluu, na mpimaji huzungusha kirungu mpaka nusu-duara mbili za kijani zigusane kingo zake za ndani. Hakuna swali la kuchagua jibu linaloweza kuonyesha kama mkono unatetemeka. Mtihani huu hufanyika Charlotte pekee, hata kwa aliyesoma Oregon au Puerto Rico, kwa hiyo nauli na hoteli ziwekwe kwenye bajeti mapema. Naona ni mzigo mkubwa kwa mwanafunzi anayeishi kwa mkopo.

Wengine huamini kwamba leseni ya jimbo moja inatumika kote. Sivyo, na hata kazi yenyewe inayoruhusiwa hutofautiana. West Virginia ilikuwa ya kwanza kuruhusu dawa za kutibu mwaka 1976. Oklahoma ikaruhusu tiba ya leza mwaka 1998, na majimbo mengine mengi bado hayajaruhusu. NBEO ina mtihani wa leza na upasuaji mdogo, lakini kuufaulu hakumpi mtu ruhusa ambayo sheria ya jimbo lake haijaitoa.

Tunakuja kwa ABO. Katika udaktari, cheti cha bodi ni jambo la zamani. Bodi ya kwanza ya ubingwa Marekani ilikuwa ya madaktari bingwa wa macho, iliyoanzishwa mwaka 1916. Huko daktari humaliza kwanza miaka ya mafunzo ya ubingwa hospitalini, na hospitali nyingi hukidai cheti hicho. Watu huuchukua utaratibu huo na kuuvika optometria, ilhali ABO ilianzishwa mwaka 2009 tu, tena katikati ya mabishano makali miongoni mwa wanataaluma wenyewe. Hakuna jimbo linaloshurutisha cheti chake ili kutoa leseni. Mwaka wa mafunzo ya ziada baada ya shahada nao ni wa hiari. Mtaalamu asiye na cheti cha ABO si mtaalamu nusu, na mgonjwa asiambiwe hivyo.

Lipo pia tumaini la wenzetu waliosoma nyumbani, kwa mfano wenye shahada ya optometria ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, kwamba wataandikisha jina NBEO, wafaulu, waanze kazi. Kwa kawaida majimbo hudai shahada ya udaktari wa optometria kutoka chuo kilichoidhinishwa na baraza la ithibati la Marekani, ACOE. Chuo cha Optometria cha New England, Boston, kina programu fupi kuliko ya kawaida kwa waliosoma nje. Mwenye nia hiyo aiandikie kwanza bodi ya jimbo analotaka kuishi, apate jibu la maandishi kuhusu shahada yake, kabla ya kulipa ada yoyote ya mtihani.