Suurvy si tini, wala haishiki kila mteremko

Ukitembea kandokando ya bahari karibu na Cape Town, huenda ukaukanyaga bila kuujua. Ni mmea unaotambaa mchangani, majani yake manene yenye pembe tatu yamejaa maji, na maua yake ya manjano hugeuka waridi yakizeeka. Kwa Kiafrikana unaitwa suurvy, yaani tini chachu. Jina la kitaalamu ni Carpobrotus edulis, na hilo neno la pili ni Kilatini: "wa kuliwa".

Mengi husemwa kuuhusu, na si yote ya kweli. "Ni aina ya tini." Hapana. Mtini ni ndugu wa mkuyu na mforsadi. Suurvy ina ukoo wake, Aizoaceae. Kinachofanana ni umbo la tunda tu.

"Tunda huliwa likiwa bado bichi, limenona." Anayelijua husubiri linyauke, ngozi iwe ya kahawia yenye mikunjo kama tende kavu. Hukata kitako, akabinya, akafyonza ute mzito wenye mbegu ndogondogo: kwanza chumvi kidogo, kisha uchachu, utamu ukaja nyuma. Ukilichuma mapema, ukakasi utakukaushia ulimi. Yaliyokauka ndiyo hulowekwa kwenye maji ya chumvi, kisha yakapikwa jamu.

"Upande kwenye mteremko, udongo hautaporomoka." Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20 ulipelekwa California ukapandwa kando ya reli, baadaye na barabara, ili ushike udongo. Penye mchanga tambarare unafunika vizuri kweli. Lakini mizizi yake mingi iko juujuu na majani ni mazito. Mvua ikinyesha, zulia lote hugeuka mzigo, na mteremko mkali waweza kuporomoka nao. Isitoshe, umetapakaa California, Ureno na Uhispania hadi kuisonga mimea ya asili.

Watu wanaung'oa kwa mikono, na hapo wengi hukosea tena: huviacha vipande chini wakidhani jua litavimaliza. Fundo la shina likigusa udongo linaweza kutoa mizizi upya. Tafadhali, ukiung'oa, beba kila kipande.

"Basi ni gugu." Ugenini, ndiyo. Kwao, Rasi ya Afrika Kusini, ni mwenyeji. Nyani na nungu hula matunda na kusambaza mbegu, na watu hukamua maji ya jani wakasukutua koo au wakapaka palipoungua.