Oto haishi kwa uchafu wa kioo
"Mchukue huyu, atakula mwani, wala hutahangaika kumlisha." Wauzaji wanalisema, wateja wanalirudia, na oto, samaki wadogo wa kufugwa kwenye tangi la kioo, wanaendelea kufa. Kati ya dhana zote kuhusu samaki wala mwani, hakuna inayoudhi kama hii, kwa sababu samaki anakufa njaa mbele ya macho ya mtu anayempenda.

Oto (Otocinclus) ni kambare mdogo wa mito ya Amerika Kusini, urefu wake sentimita 3 hadi 5. Wengi wanaouzwa wamevuliwa mtoni, maana kuwazalisha kwa wingi ni kazi ngumu. Huko kwao hulamba utando laini wa majani na mawe karibu muda wote. Tangu avuliwe mpaka afike dukani huwa amekula kidogo sana, au hakula kabisa. Kwa hiyo unapofungua mfuko nyumbani, njaa anayo tayari. Ukimtia kwenye tangi lililosuguliwa likang'aa, humo hamna chakula. Hata tangi la lita 60 lenye mwani kidogo, oto sita hulimaliza kwa siku chache. Baada ya hapo wanaanza kuokotwa mmoja mmoja, na mwenyewe analaumu maji.

Angalia tumbo. Oto hujibandika kwenye kioo, hivyo tumbo lake unaliona wazi ukisimama upande wa nje. Aliyeshiba ana tumbo jeupe, la mviringo, lililotokeza kidogo. Mwenye njaa tumbo limebonyea nyuma ya mapezi ya kifuani. Dukani usimchukue huyo hata akipunguzwa bei. Chagua aliyekaa pale wiki mbili au zaidi na bado tumbo lake limejaa.

Kumlisha si kazi kubwa. Kata kipande cha mumunye au tango chenye unene wa sentimita 1, menya ganda kwa sababu ya dawa za shambani, chemsha dakika 2, kisha kipoze. Kichome kwa uma wa chuma kisichoshika kutu ili kizame. Kiweke jioni taa zikishazimwa, kitoe asubuhi. Kikikaa zaidi kinaoza na amonia, sumu itokanayo na uozo, inapanda majini. Mchicha nao unafaa, dakika 1 tu kwenye maji ya moto. Oto wageni wengi hawaijui mboga kuwa ni chakula, kwa hiyo wasipoigusa siku ya kwanza usikate tamaa. Rudia kila jioni kwa wiki nzima.

Wakati huo wape mawe, na hapa nasisitiza kuliko penginepo. Chukua mawe laini ya mtoni, yatie kwenye chombo cha kioo chenye maji uliyotoa tangini, uweke juani. Ndani ya wiki moja au mbili yatavaa utelezi wa kijani au kahawia. Ingiza mawili tangini. Yakishalambwa yakawa meupe, yarudishe juani na uingize mengine. Vidonge vya mwani ni nyongeza nzuri, nusu kidonge kwa oto sita, lakini samaki wengine huwahi kuvinyakua.

Dhana ya pili inafuatana na hiyo: kwamba tangi jipya likiota mwani wa kahawia wiki ya tatu, ndio wakati wa kuleta oto. Hapana. Bakteria wa filta, wanaosafisha sumu za majini, hawajatulia, na oto hastahimili amonia wala nitriti. Subiri miezi 3. Pima: amonia 0, nitriti 0, nitrati chini ya miligramu 20 kwa lita. Ukimleta, mzoeshe maji kwanza: dondosha maji ya tangi kwenye chombo chake kwa mpira mwembamba wa pampu ya hewa uliofungwa fundo, matone 2 kwa sekunde, kwa saa nzima.

Kwamba anakula kila mwani si kweli. Vidoti vigumu vya kijani kwenye kioo vikwangue kwa wembe. Mwani mweusi wenye manyoya haugusi. Kinyesi cha samaki wengine hali kabisa. Mwani ukizidi, punguza muda wa kuwasha taa uwe saa 6 au 7 tu kwa siku na ubadilishe robo ya maji kila wiki.

Mmoja hatoshi. Hujificha na kuacha kula; weka sita.

Si kila mwenye mdomo wa kunyonya ni oto. Pleko wa kawaida hupita sentimita 30. Gyrinocheilus, anayeuzwa akiwa mdogo kama kidole, hupita sentimita 25, na akikua hugeuka kunyonya ute wa ngozi za wenzake. Uliza jina la kisayansi kabla ya kulipa.

Usimweke oto tangi moja na mbuna, samaki wa Ziwa Nyasa. Hao wanataka maji magumu yenye pH (kipimo cha uasidi) karibu 8, tena ni wagomvi. Oto anataka pH 6 hadi 7.5 na majirani wapole.

Akikimbilia juu kumeza hewa mara mojamoja, usishtuke: ana uwezo wa kupumua hewa hiyo. Wote wakifanya hivyo mfululizo, oksijeni imepungua. Dar es Salaam au Mombasa wakati wa joto maji hufika nyuzi 30, na oto anataka 22 hadi 26. Fungua mfuniko, elekeza feni ndogo juu ya maji, washa pampu ya hewa usiku kucha, na ujazie maji yanayopungua kwa yale yaliyokwisha kutolewa klorini.